Tathmini ya mazingira: hesabu isiyoonekana katika bei ya kabichi

Mfanyabiashara anayepakia viazi mviringo, kabichi na karoti katika soko la Lukozi, wilayani Lushoto, huwa na hesabu zake kichwani: bei ya shambani, magunia, vibarua wa kupakia, ushuru, nauli ya lori hadi Tanga au Dar es Salaam, na sehemu ya mzigo itakayooza kabla ya kufika. Kuna hesabu moja ambayo kwa kawaida haimo. Ni ile ya maji, mteremko na barabara. Vitu hivyo vitatu havimo katika stakabadhi yoyote, lakini kimoja kikiharibika biashara nzima ya milimani husimama.

Hesabu hiyo ndiyo inayofanywa na tathmini ya athari kwa mazingira. Wafanyabiashara wengi huiona kama karatasi za wataalamu, au kikwazo kingine kati ya mtaji na faida. Kwa mwekezaji mdogo, hata hivyo, ni moja ya nyaraka chache zinazoweza kumwonyesha mapema kama fedha yake inakwenda mahali salama, na kama mradi wa jirani utamwachia yeye bili ya kulipa.

NI KITU GANI

Tathmini ni uchunguzi unaofanywa kabla mradi haujaanza. Huuliza mambo ya kawaida kabisa. Mradi utagusa nini: maji, udongo, msitu, makazi, barabara? Nani atafaidika, na nani ataumia? Je, kuna mahali pengine au njia nyingine ya kuutekeleza? Madhara yatapunguzwaje, na kwa fedha ya nani?

Utaratibu huu ulianza Marekani, kwa sheria iliyotiwa saini tarehe 1 Januari 1970. Benki ya Dunia iliuingiza katika masharti ya mikopo yake tangu mwaka 1989, na mkutano wa Rio de Janeiro wa mwaka 1992 ukaufanya kuwa moja ya kanuni zilizokubaliwa na mataifa. Zanzibar ilipata sheria yake ya mazingira mwaka 1996, na Kenya mwaka 1999. Tanzania Bara iliitaja tathmini katika Sera ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 1997, kisha ikaifanya kuwa lazima kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Sheria hiyo ililipa nguvu mpya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lililokuwa limeanzishwa mwaka 1983.

Mambo matatu katika sheria ya 2004 yanamhusu moja kwa moja mtu mwenye fedha. La kwanza, gharama ya tathmini ni ya mwenye mradi. Haiwi ya kijiji wala ya halmashauri. La pili, kazi hiyo hufanywa kabla mradi haujaanza wala kugharimiwa. Anayechangisha fedha leo na kuahidi kwamba tathmini itafanywa baadaye amekwisha kwenda kinyume na mpangilio wa sheria. La tatu, leseni au kibali kilichotolewa chini ya sheria nyingine hakimpi mtu haki ya kuanza mradi unaohitaji tathmini kama hana cheti cha tathmini. Leseni ya madini, kibali cha ujenzi au hati ya kiwanja, hata vikiwa halali, havijazi nafasi ya cheti hicho.

HATUA ZAKE

Mwenye mradi huanza kwa kuwasilisha maelezo mafupi: anataka kufanya nini, wapi, kwa ukubwa gani. Maelezo hayo huchujwa. Kanuni za mwaka 2005, zilizorekebishwa mwaka 2018, ziliweka makundi: miradi ambayo tathmini ni ya lazima, iliyo mpakani ambayo uamuzi hutegemea uzito wa athari, isiyohitaji tathmini kamili, na kundi maalum. Uchimbaji mkubwa wa madini, mabwawa na barabara kuu ni mifano ya miradi inayotazamwa kwa uzito wa juu. Milima ya Usambara ina boksaiti katika udongo wake, hivyo suala la madini si la mbali kwa wakazi wa Lushoto.

Baada ya mchujo huwekwa mipaka ya uchunguzi, yaani maswali ambayo wataalamu watatakiwa kuyajibu. Hatua hii ndiyo muhimu kuliko zote kwa mfanyabiashara. Swali lisilowekwa hapa halitapata jibu mwishoni. Kisha wataalamu walioandikishwa hufanya kazi yao uwandani, hukutana na wananchi, na kuandika taarifa. Taarifa hupitiwa na kamati ya wataalamu wa sekta mbalimbali, eneo hutembelewa, na panapohitajika hufanyika mkutano wa hadhara. Chini ya sheria ya 2004, uamuzi wa kutoa au kukataa cheti uliwekwa mikononi mwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira.

Cheti hutolewa kwa masharti. Nyuma yake hukaa mpango wa usimamizi wa mazingira, unaosema ni hatua gani zitachukuliwa, lini, na kwa gharama gani. Mpango huo ndio unaopaswa kusomwa na mtu anayetaka kununua hisa au kuchangia mtaji, kwa sababu kila sharti ndani yake ni matumizi yatakayotokea kila mwaka. Mradi ulioonyesha faida nzuri bila kuhesabu masharti hayo umeonyesha faida ambayo haipo.

MFANO WA CHUMBA CHA BARIDI

Chukuliwe mfano wa hesabu tu. Wafanyabiashara 20 wa mboga wanataka kujenga Lukozi chumba cha baridi chenye sehemu ya kuoshea karoti. Kila mmoja anatoa Sh. milioni 2, jumla Sh. milioni 40. Wanakopa Sh. milioni 60 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Riba peke yake ni Sh. 900,000 kwa mwezi.

Fundi anaanza kazi kabla ya mchujo kufanyika. Ukuta ukifika kwenye linta, mkaguzi anafika na kusimamisha ujenzi: sehemu ya kuoshea imewekwa karibu na kijito, na hakuna maelezo ya maji machafu yatakwenda wapi. Sheria ya 2004 ilizuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kikundi kinahangaika kwa miezi minane. Riba ya muda huo ni Sh. milioni 7.2, sawa na Sh. 360,000 kwa kila mwanachama. Hiyo ni asilimia 18 ya mchango wake, imeondoka kabla karoti moja haijaingia ndani. Ukuta uliojengwa mahali pasipofaa haumo katika hesabu hiyo.

Kama mchujo ungefanywa mwanzoni, maswali yangekuwa machache na ya maana: maji ya kuoshea yatatoka wapi na kurudi wapi, mabaki ya mboga yatatupwa wapi, umeme ukikatika mzigo utafanywa nini, na malori yatageuzia wapi bila kufunga barabara ya kijiji. Maji yenyewe pia yana utaratibu wake. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 iliweka vibali vya kutumia maji chini ya bodi za mabonde, na upande huu wa nchi ni eneo la Bodi ya Maji Bonde la Pangani, linalojumuisha pia Mto Umba unaoanzia katika msitu wa Shagayu. Mwekezaji makini huuliza habari ya kibali cha maji siku ileile anayouliza habari ya kiwanja.

FUNZO LA KIHANSI

Gharama ya swali lililosahauliwa ilionekana wazi Kihansi, katika milima ya Udzungwa. Udzungwa na Usambara ni ndugu: yote ni sehemu ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima ya kale yenye mimea na viumbe wasiopatikana kwingine.

Mradi wa umeme wa Kihansi Chini, wenye uwezo wa megawati 180, ulihitajiwa sana na taifa. Tathmini za mwanzo hazikuchunguza vya kutosha viumbe wa korongo lililo chini ya maporomoko. Mwaka 1996, ujenzi ukiwa umekwisha kuanza, watafiti walimkuta humo chura mdogo wa rangi ya dhahabu ambaye hajulikani kuishi mahali pengine popote duniani. Chura huyo hazai mayai, huzaa watoto, na aliishi kwa manyunyu ya maporomoko. Mitambo ilipoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwaka 2000, sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakapungua ghafla.

Yaliyofuata yalikuwa matumizi ambayo hayakuwamo katika bajeti ya kwanza. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura karibu 500 walipelekwa Marekani kufugwa. Korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji. Mwaka 2001 ukaanzishwa mradi mwingine, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, wa kusimamia mazingira ya Kihansi. Sehemu ya maji ikabidi iachwe ipite korongoni badala ya kuzalisha umeme. Pamoja na hayo, mwaka 2003 vyura walianguka kwa wingi, ugonjwa wa ukungu ukiwa miongoni mwa sababu zilizotajwa, na mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Urejeshaji wao korongoni ulianza mwaka 2012.

Mfanyabiashara anaweza kuuliza chura anamhusu nini. Jibu ni kwamba Kihansi haikukosa fedha, wala haikukosa wahandisi. Ilikosa swali moja katika orodha ya uchunguzi wa mwanzo, na swali hilo likarudi baadaye na madai yake.

CHETI BILA RIDHAA

Funzo la pili linatoka delta ya Rufiji. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni binafsi ilileta mpango wa shamba kubwa sana la kufuga kamba katika eneo la mikoko. Taarifa ya tathmini iliandikwa, na wataalamu waliopitia mpango huo kwa upande wa NEMC wakashauri usiruhusiwe. Serikali iliuidhinisha mwaka 1997. Wanavijiji walikwenda mahakamani, fedha za mradi zikayumba, na shamba hilo halikujengwa.

Kwa mwenye mtaji, somo ni kwamba idhini kutoka juu haitoshi kuulinda mradi. Taarifa yenye kasoro hubaki kuwa silaha mkononi mwa kila anayepinga, na benki huisoma pia. Ikiwa wataalamu wameandika kwamba mradi una hatari na ukaruhusiwa bila hatari hiyo kujibiwa, aliyeweka fedha amenunua kesi.

Lushoto yenyewe ina kumbukumbu ya zamani zaidi, ya kabla neno tathmini halijasikika. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo. Wakulima walilazimishwa kulima matuta ya kuzuia mmomonyoko. Lengo lenyewe halikuwa baya, kwani udongo ulikuwa kweli ukiporomoka. Lakini hesabu ya nguvukazi haikufanywa, na mzigo mkubwa ukawaangukia wanawake. Upinzani ulikua, ukaungana na harakati za uhuru, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mpango huo ulikuwa umeachwa.

Mradi wa hifadhi ya udongo na kilimo mseto, SECAP, ulioendeshwa Lushoto kwa msaada wa Ujerumani kati ya mwaka 1981 na 2000, ulikuta mteremko uleule na tatizo lilelile. Huo ulihimiza kupanda majani ya Guatemala na miti kwa kufuata kontua. Majani yanazuia udongo na wakati huohuo ni chakula cha ng'ombe wa zizini, hivyo mkulima huona faida yake mwenyewe katika kinga ya wote. Tofauti ya miradi hiyo miwili ndiyo ambayo tathmini nzuri hutakiwa kuigundua mapema: nani atafanya kazi, na atapata nini.

PENGO LENYEWE

Hata hivyo, mfanyabiashara wa Lukozi asidhani kwamba hatari kubwa kwake ni mgodi au bwawa. Miradi hiyo huonekana, hutangazwa na hupimwa. Pengo liko kwingine. Tathmini hupima mradi mmoja mmoja, lakini kijito hukibeba kila kinachowekwa juu yake kwa pamoja.

Chukuliwe mfano mwingine wa hesabu. Kijito kina lita 30 kwa sekunde wakati wa kiangazi. Mkulima mmoja anafunga pampu inayovuta lita 2. Hakuna anayeona tofauti, na hakuna atakayemtaka alete taarifa ya wataalamu kwa pampu moja. Bei ya kabichi ikipanda Dar es Salaam, jirani naye anafunga yake. Pampu ya kumi na tano ikiwashwa, kijito kimekwisha. Hakuna hata mmoja kati ya watu 15 aliyefanya jambo kubwa, na kila mmoja anaweza kusema kwa haki kwamba mradi wake ni mdogo. Aliye chini ya bonde, anayengoja maji hayo kwa mpunga au kwa kunywa, hana wa kumdai.

Ndivyo ilivyo kwa miteremko. Shamba moja lililofyekwa hadi kileleni halizibi barabara. Mashamba mengi yaliyofyekwa hivyo, mvua kubwa ikinyesha, hushusha udongo barabarani. Njia ya kutoka Lukozi kupitia Magamba hadi Lushoto, kisha Soni na Mombo, ni ya kona na kingo kali. Siku inapofungwa na maporomoko, bei ya nyanya sokoni Lukozi huanguka kwa sababu wanunuzi hawapandi, na bei ya mjini hupanda kwa sababu mzigo haushuki. Mwenye lori lililokwama katikati hupoteza pande zote mbili.

Sheria ya 2004 haikulisahau jambo hili kabisa. Iliweka pia tathmini ya kimkakati, inayotazama sera, mipango au programu nzima badala ya mradi mmoja, na kanuni zake zilitolewa mwaka 2008. Kwa eneo la mboga kama hili, kipimo chenye maana ni cha bonde zima: kuna maji kiasi gani kiangazi, pampu ngapi zinatosha, vyanzo vipi visiguswe. Kipimo hicho hakiletwi na mwekezaji mmoja, kwa sababu hakuna mmoja anayenufaika nacho peke yake. Hudaiwa na watumiaji wenyewe kupitia vyama vya watumia maji, kata na halmashauri. Wafanyabiashara wa soko ni watumiaji pia, ingawa hawashiki jembe.

YA KUULIZA KABLA YA KUTOA FEDHA

Mtu anayeombwa kuchangia au kununua sehemu ya mradi wowote milimani anashauriwa kudai majibu ya maswali haya, kwa maandishi:

1. Je, mradi umechujwa, na umewekwa kundi gani? Jibu sahihi ni barua. Maneno ya fundi au ya diwani hayatoshi.

2. Kama cheti kipo, kimetolewa kwa jina la nani, kwa eneo gani na kwa ukubwa gani? Cheti cha ekari tano si cha ekari hamsini.

3. Masharti yake yatagharimu kiasi gani kwa mwaka, na je, kiasi hicho kimo katika makisio ya faida?

4. Maji yatatoka wapi mwezi wa ukame kuliko yote? Takwimu za msimu wa masika hazimsaidii mnunuzi wa Septemba.

5. Nani mwingine anategemea maji hayohayo au njia hiyohiyo, na walisema nini walipoulizwa?

6. Je, kuna watumiaji wapya wanaotarajiwa juu ya bonde?

Asiye na fedha ya kuchangia naye ana nafasi yake. Mkutano wa hadhara unapoitishwa, mara nyingi hujaa viongozi na wenye mashamba, huku watu wa soko wakiwa sokoni. Matokeo yake taarifa huandikwa bila wao. Wapo wanaojua malori mangapi hushuka kila siku ya soko, karoti huoshewa wapi, kijito kipi hukauka kwanza, na kona ipi huporomoka kila masika. Mtaalamu anayekuja kwa wiki mbili hawezi kuyajua hayo asipoambiwa, na yasipoandikwa hayatalindwa na sharti lolote la cheti.

Wazee husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku milimani ukuta hujengwa kwa mawe yaliyobebwa kichwani, na gharama yake huishia katika bei ya gunia. Siku mradi utakapotangazwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, mwenye duka, dalali na mwenye lori wana sababu ya kufunga biashara kwa saa mbili na kwenda kusikiliza. Saa hizo mbili ni rahisi kuliko msimu mmoja bila maji.